Saa Sita, Buguruni

Ndege ya Bukoba ilinitema saa tatu asubuhi,
ya Songea ingenimeza saa tisa.
Saa sita za bure,
kama noti uliyoikuta kwenye koti la mwaka jana.

Nilikuwa na mipango:
niloweshe miguu ufukwe wa Koko,
ninunue kitenge Kariakoo, nile pweza,
nimshtukize shangazi Adventina kule Tabata.
Dereva wa bajaji alinisikiliza mpaka mwisho,
akaitazama foleni, akasema:
"Dada, chagua moja."
Kisha akanichungulia kwenye kioo:
"Na harusini unaenda na nywele hizo?"

Ndivyo nilivyofika Buguruni,
kibanda cha mabati nyuma ya duka la magodoro,
kwa msusi aitwaye Sikudhani.
"Unaondoka saa ngapi?"
"Tisa."
"Kwa muda huo nakusuka twende kilioni."
"Mdogo wangu anaolewa, dada. Nataka rasta, ndogondogo."
"Basi kaa. Utalia hapahapa,
ukifika harusini umeshamaliza."

Nikakaa kwenye kigoda, katikati ya magoti yake,
akanishika kisogo, akaniinamisha,
na hivyo ndivyo nilivyoitalii Dar es Salaam:
kuanzia magotini kushuka chini.

Niliona ndala za bluu zilizoshonwa kwa waya.
Niliona viatu vya ofisini, vinang'aa,
vikiruka dimbwi kwa woga wa paka.
Gurudumu la guta la maji, na nyuma yake
kisigino kilichopasuka kama ramani.
Soksi za shule, moja imepanda, moja imekata tamaa.
Nikajua ni Ijumaa kwa pindo za kanzu,
zote zikiharakia upande mmoja.
Mkono ukashuka na muhogo wa kukaanga,
pilipili juu, chumvi ya kutosha.
Nikala. Uso wa aliyenipa siujui hadi leo.

Saa saba, nusu kichwa.
"Mwantumu! Njoo na mikono yako!"
Sasa mikono minne na umbea wa aina mbili:
sikio la kushoto mume wa mtu,
sikio la kulia pesa za upatu zilizoyeyuka.
Walipofika utosini ndipo nikaelewa
kwamba ni mtu yuleyule.

Saa nane, bado.
Sikudhani akamwachia Mwantumu funguo,
akapanda bajaji pamoja nami, rasta mdomoni,
akanisuka Barabara ya Nyerere yote.
Kwa mara ya kwanza maishani nikaiombea foleni.
Taa nyekundu, misuko miwili.
Lori limezimika, misuko mitano, Mungu alibariki.
Dereva akikata kona anapiga kelele, "Shika nywele!"

Mlangoni mwa uwanja mlinzi akanyoosha mkono:
asiye na tiketi, mwisho hapo.
Kilibaki kifungu kimoja juu ya sikio la kushoto,
ukubwa wa ndimu, kimesimama kama kinauliza swali.
"Hicho," akasema Sikudhani, "kamalizieni huko kwenu."
Akageuka kumsaka dereva, ambaye pia nilikuwa sijamlipa.

Mpekuzi alinipapasa kichwa kwa vidole viwili
akachomoa kitana cha plastiki, meno mawili hayapo.
Akakitazama, akaitazama ndimu.
"Pole," akasema, akanirudishia.

Ndege ilipoinama, bahari ile niliyoipania
ikapita yote chini ya bawa,
dakika mbili hivi.
Nilitaka kukunja uso kwa lile jua lililotoka majini,
ngozi ikakataa; ilivutwa mno.

Songea, mdogo wangu, hina haijakauka mikononi:
"Na hapa nani amekusahau?"
Akakisuka kwa ncha za vidole, bila rasta, kimepinda,
na kwenye picha zote za harusi
ndicho kinachoonekana.

Kitana ninacho.
Na nauli ya bajaji, sijui nani alilipa.